Maji ya Bi Gonia

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imekwisha, wageni wamerudi makwao, nyumba imenyamaza. Leo ndipo nilipopata nafasi ya kumtazama Bi Gonia vizuri, na nilichokiona sikukipenda. Jani la chini limegeuka manjano, na kikonyo chake kimelainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Nikainua chungu. Kizito! Na mimi sijamtia maji tangu Jumanne.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Humu ndani tuko wawili, mimi na mdogo wangu Mona, na tangu Mama afe mimi na Mona twazungumza ya chumvi na gesi tu.

Huyu begonia ni wa Mama. Majani yake juu yana madoa ya fedha, chini mekundu, na Mama alikuwa akimwita Bi Gonia, kama mtu mzima wa kuamkiwa. Sheria zake nazijua kwa moyo. Kaskazi, wakati wa joto, mtie siku moja uache moja. Masika usimguse mpaka udongo ukauke kufika kiungo cha kwanza cha kidole. Kusi ikivuma, mara moja kwa wiki yamtosha. Maji yawe ya mvua au ya kununua, si ya kisima, maana ya kisima yana chumvi. Usimwagie juu ya majani. Mtilie kwenye kisahani anywe kwa chini, akishiba uyaondoe yaliyobaki. "Mpe akiomba," Mama alikuwa akisema, "si ukikumbuka weye."

Na alipokuwa kitandani siku zake za mwisho aliniambia, Mona akisikia: "Maisara, huyu ni wako. Mona ana huruma mno, atamzamisha." Mona ndiye aliyemuuguza Mama miaka miwili, yeye ndiye aliyekamata kijiko na beseni. Alichukua kikombe akenda kukiosha. Mtu akinyamaza namna ile huwa ameweka moyoni.

Jumatano, 9 Aprili

Sijamtia maji. Chungu bado kizito.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nilimkabili Mejumaa. Huja kutufulia Jumatatu na Alhamisi, avuka feri kutoka Likoni, na ni mtu wa haraka. Mtu wa haraka humwaga maji popote.

"Mejumaa, maji ya kusuuzia wayamwaga wapi?"

"Chooni, Bi Maisara. Kwani wataka niyanywe?"

"Nauliza tu."

"Weye huulizi tu. Weye ukiuliza, ushahukumu." Akaitupa shuka kwenye karai. "Maji haya mwanunua mtungi kwa mtungi, na mimi ndimi nisimamaye hapo chini nikigombana na mwenye mkokoteni. Nije nimpe ua? Nina wazimu?"

Nikamwambia mtu asiye na kosa hapandishi sauti. Hapo ndipo alipopandisha kweli. Aliondoka bila kunywa chai, na Mejumaa kuacha chai si jambo dogo.

Jumapili, 20 Aprili

Masika imeshuka. Mvua tangu alfajiri, kichochoro chote chatiririka. Nimekinga ndoo mbili za maji ya mvua, nikazifunika.

Mejumaa hakuonekana Alhamisi, wala hii leo hayumo ndani, na chungu kimezidi uzito. Kwa hivyo si Mejumaa. Basi amebaki nani? Mimi si mtu wa kudhani, mimi naona. Baada ya adhuhuri Mona alijifungia chumbani kwake kwa komeo. Nikasikia maji yakidondoka kidogo kidogo. Alipotoka alipitia ukumbini, aliko Bi Gonia, akidhani nimelala.

Jumatano, 23 Aprili

Subhanallah. Leo udongo una duara la manjano pembezoni mwa chungu. Nikauinamia nikanusa. Marashi ya mawaridi! Nani amtiaye mti marashi? Nikasoma Ayatul Kursiy pale pale nimesimama.

Ikiwa ni kumnywesha, mbona asimnyweshe mbele yangu? Mwenye nia safi hafanyi jambo lake kwa kunyatia. Moyo wangu waniambia Mona hajasahau lile neno la Mama, na kwa kuwa Mama hayupo wa kulipwa, analipwa Bi Gonia.

Jumatatu, 5 Mei

Mejumaa amerudi. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakuitaka, lakini ananiamkia kwa ukingo wa mdomo.

Karibu na kuondoka akaniletea blauzi mbili za Mona. "Bi Maisara, hizi nimezisugua mpaka vidole vimechubuka. Manjano haya hayatoki. Kila blauzi, hapa hapa mbele kifuani."

Nikazitazama, nikapumua. Manjano kifuani! Kwetu mwanamke hujipaka manjano na liwa kwa jambo moja tu, na si kwa kwenda sokoni. Mona ana miaka hamsini na miwili, aliachwa zamani, na kila posa iliyokuja baadaye aliikataa. Sasa yuwajipaka kisirisiri. Kuna mwanamume.

Na huyo mwanamume atakaa wapi? Nyumba ni hii hii ya Mama.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemfuata. Nilimwambia Zaid, mwenye duka la leso ninakouza pale Biashara Street, kwamba kichwa chanipasuka, nikarudi mapema nikamwona Mona anatoka na buibui lake. Nikamfuata kwa mbali mpaka mtaa wa Kuze. Akaingia mlango wa Ustadh Sheikhan, yule mwenye madrasa, aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Lo! Nikajitia nanunua kachiri za muhogo mkabala na pale. Nilinunua kachiri, nikanunua tena, muuzaji akaanza kunitazama.

Mona akatoka ameficha kitu chini ya buibui, amekikumbatia kwa mikono miwili.

Jioni nikamuuliza, "Leo ulishinda wapi?"

"Hapa hapa nyumbani, Da."

Alisema hayo huku ananitazama usoni. Kachiri zote nimezila peke yangu kwa hasira, na sasa tumbo lanisokota.

Alhamisi, 15 Mei

Kuna leso mpya imeingia dukani, nyekundu na nyeusi, jina lake NIMEKUONA NIMENYAMAZA. Nikasema hii ina mwenyewe. Nikainunua, nikaiweka juu ya kitanda chake, wazi, jina likimtazama anayeingia.

Nilingoja ugomvi. Badala yake alitoka amejitanda ile leso, mato mekundu, akanikamata mkono akaubusu. "Ahsante, Da," akasema.

Unafiki wa namna hii sijapata kuuona.

Jumatano, 21 Mei

Jani jengine limeanguka. Mona ameliokota, akaligeuza upande mwekundu, akatabasamu. Nimemwona kwa mato yangu. Akatabasamu!

Alhamisi, 29 Mei

Nimemtoa Bi Gonia kwenye chungu. Mizizi nusu imekuwa myeusi na yanuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Nimeikata iliyooza, nimemtia udongo mkavu wenye mchanga, nimemrudisha dirishani. Yamebaki majani manne. Kidogo nilie, na mimi si mtu wa kulia.

Mona alisimama mlangoni muda wote.

"Mtu yeyote asimguse tena," nikasema, sauti juu kusudi.

"Atapona?"

"Akiachwa na watu, atapona."

Akashika fremu ya mlango. Kisha akasema polepole, "Si lazima apone, Da."

Si lazima apone! Amelitamka mwenyewe, kwa kinywa chake. Kesho nakwenda kwa fundi auchongee ufunguo ule mlango wa ukumbi.

Jumanne, 3 Juni

Leo sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliufunga mlango wa ukumbi, ufunguo nikautia mkobani, nikaenda dukani. Idd ya kuchinja ni Ijumaa, wateja wamejaa, sikurudi mpaka laasiri imekwisha kuswaliwa. Napanda ngazi, namkuta Mona amekaa kidato cha juu kabisa, ameegemea ule mlango. Amejitanda ile leso niliyompa. Mikononi amekamata bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Wafanya nini hapo?"

"Nakungoja, Da. Mlango umefungwa."

"Tangu lini?"

"Tangu adhuhuri."

Nikakifunua kile kitambaa. Maji ya manjano, yanukia marashi. Naandika kweli: nilifurahi. Nilifurahi kama aliyemshika mwizi na kuku kwapani.

"Ndiyo haya! Ndiyo unayomuulia Bi Gonia! Ungeyamwaga chooni basi, ukaficha ubaya wako."

Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa wazazi.

"Chooni? Da, hili ni kombe. Haya yana maneno ya Mungu. Niyamwage chooni?"

Nikakaa pale pale, kidato cha chini yake.

Kombe. Aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Mimi mtoto wa Kibokoni, Mama alitunywesha kombe kila tulipopata homa, na kilichobaki hakimwagwi panapokanyagwa wala penye uchafu. Chapelekwa shinani mwa mti. Na ghorofani kwetu mti ni mmoja tu. Harufu ile niliijua tangu siku ya kwanza nilipoinama. Lakini niliyekuwa nikimtafuta ni mwizi, sikumtafuta mgonjwa.

"Nani anaumwa?" nikauliza, na nilishajua.

Aliweka bakuli kidatoni taratibu, asidondoshe hata tone. Akauchukua mkono wangu akautia chini ya leso, chini ya blauzi, ubavuni mwa titi la kushoto. "Hapa."

Kitu kigumu kama kokwa la kungu. Hakisogei.

"Tangu lini, Mona?"

"Tangu Rajabu."

"Rajabu! Na Ramadhani yote ukafunga nacho?"

"Nilifunga."

"Hospitali?"

"Mama alikwenda hospitali, Da. Tukarudi na maiti."

Nikaanza kumtukana Ustadh Sheikhan aliyemwandikia hilo kombe, Mona akanikatiza. "Usimseme. Aliniambia ninywe mafunda matatu, na yaliyobaki nioshee hapa, nikinge kwenye bakuli. Na kila nikenda huniuliza, daktari ushamwona? Nami humwambia nishamwona."

"Umemdanganya Ustadh?"

"Nilimdanganya. Ningefanyaje? Naogopa." Alisema vile vile, wazi, kama mtoto. Mona ambaye alimwosha Mama bila kutikisika.

"Na mimi je? Mbona hukuniambia mimi?"

Akalikamata pindo la leso. "Nilidhani wajua. Siku uliyoniletea hii nilisema, Da ameniona, na ameninyamazia nisione haya. Yuwaningoja nimwambie mwenyewe. Nililia siku ile."

Yarabi toba. Sikumrekebisha. Na sitamrekebisha, mpaka niingie kaburini.

Nikamuuliza la mwisho, kwa sababu lilikuwa lanichoma. "Na ulipookota lile jani, ukatabasamu?"

"Kila jani likianguka," akasema, "najiambia, kimepungua kwangu kimekwenda kwake. Anayauguza maradhi yangu. Ndiyo nikasema si lazima apone."

"Hayo amekufundisha Ustadh?"

"Hasha! Akinisikia atanifukuza. Ni mimi tu."

"Haifai, Mona. Mponyaji ni Mungu."

"Najua haifai. Usininyang'anye, Da."

Nikaufungua mlango. Alikwenda dirishani, akainama, akayamwaga yote kwenye ule udongo mkavu nilioutia juzi. Sikumzuia, lakini sikuweza kutazama. Niligeukia ukutani nikajifanya natafuta mahali pa kuutundika ufunguo.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Nimemlazimisha pilau, amekula vijiko viwili. Majirani waliokuja nimewaambia ana mafua.

Jumatatu, 9 Juni

Tumekwenda hospitali. Mona hakukubali kwenda bila ile leso. Muuguzi, Winnie, msichana wa sauti kali na mikono laini, alimwambia avue, naye akajifunika nayo kifua, jina likisomeka. Winnie akalisoma akacheka. "Hii ni ya kumsema nani, mama?"

"Si ya kumsema mtu," Mona akajibu. "Nimepewa na dadangu."

Nilitoka nje kidogo, nikasema naona joto.

Wamemtoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano, kitapimwa. Daktari alitabasamu sana tulipokuwa tunaondoka. Sipendi daktari anayetabasamu. Kuna kitu wanakijua, na hawasemi.

Alhamisi, 12 Juni

Leo chai ya Mejumaa nimeitengeneza mimi, kwa iliki na maziwa mazito. Aliitazama kwanza.

"Imetiwa nini hii?"

"Sukari."

"Haya, Bi Maisara. Na maji ya kusuuzia leo niyamwage wapi?"

Nikacheka bila kutaka. Kisha nikamwambia habari ya Mona, na kwamba niliwadhania vibaya wote wawili. Alikwenda chumbani kwa Mona, wakakaa muda mrefu, na nguo zikaanikwa jua limeshapinda.

Jumanne, 24 Juni

Majibu yametoka. Ndicho tulichokiogopa: saratani. Titi lote latakiwa litolewe, kisha dawa nyengine baadaye. Daktari asema tumechelewa lakini hatujachelewa kabisa, na mimi niliyapima maneno yale njia nzima, kama yana walakini ndani.

Nyumbani Mona akasema: "Kombe siachi."

"Nani kakwambia uache? Kunywa kombe, na kwenye kisu cha daktari uende."

"Wakinipeleka kama Mama?"

"Mama alikuwa na moyo mbovu na miaka themanini na moja. Weye moyo wako nimeuona, wakaa saa nyingi ngazini na bakuli."

Hakusema ndiyo. Lakini hakusema la, na Mona akikataa jambo husema.

Jumapili, 6 Julai

Kusi yavuma, asubuhi yataka shuka la pili. Kwa sheria ya Mama, Bi Gonia sasa apewe maji mara moja kwa wiki. Apewa kila siku. Jani limebaki moja.

Jana nilinunua mche wa asumini kwenye chungu kizuri, nikaupandisha mwenyewe. Nikamwambia Mona, "Mwagia huyu. Asumini hunywa sana, hatadhurika."

Aliinusa, akaisifu, akaisogeza pembeni. "Asumini hanijui, Da. Bi Gonia alikuwapo. Aliniona usiku wote wa Mama."

Nilitaka kumwambia kwamba Mama alimwacha mikononi mwangu. Neno lilifika mdomoni nikalimeza. Mama naye, Mungu amrehemu, kuna siku alisema bila kutazama nani amesimama mlangoni.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika nimekaa kwenye benchi la hospitali. Ameshaingia ndani. Winnie alipita akaniambia niache kutazama mlango, haufunguki kwa kutazamwa.

Asubuhi Mona hakuruhusiwa kunywa wala kula. Kwa hivyo lile kombe hakulinywa, alijiosha nalo tu, yote, akalikinga bakulini. Alipotoka chumbani ameshavaa buibui. Tulisimama dirishani pamoja. Alijaribu kuinua bakuli, mikono ikamkataa.

"Leo mwaga weye, Da."

Nikatia kidole kwenye udongo, ni mazoea. Mbichi kufika kiungo cha pili. Lile jani moja lilikuwa limeinama, na shina likikamatwa lasogea. Mtu yeyote aliyelelewa na Mama angejua kwamba tone moja zaidi ni la kumuua.

Nikalichukua bakuli mkononi mwake.

"Chukua, Bi Gonia," nikasema kwa sauti, Mona asikie. "Chukua yote. Usimbakishie hata kidogo."

Nikayamwaga mpaka tone la mwisho, kisahani kikajaa, maji yakapanda ukingo yakashuka kwenye mbao za dirisha. Mona alinikamata mkono, hakuuachia mpaka tulipofika chini, na tuktuk ya kwanza iliyopita tuliisimamisha.